Moshi: karo zinafurika kila masika, tujenge la pamoja? Na hela ya kuliendesha itoke wapi?

Jirani_wa_Chini
Habari wadau, sisi tupo huku chini upande wa Mabogini, kaya kama 20 tumebanana, laini ya majitaka haijafika na maji ya ardhini yako juu sana. Masika karo linajaa lenyewe, unaita boza leo, wiki mbili mbele limejaa tena maana linanyonya maji ya ardhi. Kuna jirani kisima chake kiko hatua kumi tu toka karo la mwenzie na watoto wanakunywa hapo, hilo ndo linaninyima usingizi. Tunawaza kujenga moja la pamoja, tuchangeje?

Fundi_Chemba
Inawezekana mkuu, ila lisiwe shimo la kunywea, yaani linaloacha majitaka yazame ardhini, liwe tanki lililozibwa kote, chini na pembeni. Piga hesabu watu 100, kila mtu lita 80 kwa siku, asilimia 80 inarudi kama majitaka, ni lita 6,400. Maji yakae siku mbili, ongeza nafasi ya tope, tanki liwe kama lita 25,000. Yakitoka yapite kwenye kitanda cha kokoto chenye matete yachujwe humo, mita ya mraba moja mpaka mbili kwa mtu, na huko kwenu lazima mtandike nailoni nzito chini. Na maji ya mvua ya kwenye bati msiyaingize kabisa.

Mama_Njoro
Ngoja niwaambie kilichotupata sisi tulipojenga la pamoja la kwetu. Hela ya kujenga ilipatikana chap, kila mtu alikuwa kachoka na harufu, akatoa. Baada ya hapo hakuna aliyeweka hata mia. Miaka mitatu tope likajaa, likavuka kwenye matete, kokoto zikaziba, ikabidi tufukue zote, gharama ikawa kubwa na watu wakaanza kununiana mpaka leo. Mtu mmoja anatoa tope kama lita 40 kwa mwaka, watu 100 ni lita 4,000, sasa hilo lazima linyonywe mtake msitake. Anzeni na 5,000 kwa kaya kwa mwezi, ni 1,200,000 kwa mwaka, iingie benki, wasaini watatu, daftari lisomwe kikaoni kila mwezi.

Mdau_Pasua
Mama kasema kweli. Naongezea, kabla ya kuchimba nendeni mamlaka ya maji na ofisi ya mtaa, msije mkajenga halafu laini ikapita kwingine. Na kiwanja cha tanki kiandikwe kwa maandishi ni cha kikundi, mwenye eneo akifariki warithi watawafukuza.

Jirani_wa_Chini
Asanteni sana, dada hilo la tope hatukuliwaza kabisa. Swali lililobaki, nyumba saba ni za wapangaji na wenye nyumba wako Dar, hiyo 5,000 adaiwe nani?

Mama_Njoro
Ujenzi mwenye nyumba, ya mwezi mpangaji, na waandike kwenye mkataba wa pango. Na kisima kile waambieni waache kunywa leo, msisubiri tanki.