Msaada wa haraka: propela ya Cruiser iliyoinuliwa, niweke bomba nene au ya kros mbili?

Nyanda wa Kayenze
Mwangaluka wakuu. Naombeni ushauri, fundi ananisubiri.

Nina Land Cruiser pikapu HZJ75, injini 1HZ, ya mwaka 1994. Kazi yake ni kutoa dagaa Kayenze kupeleka soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na msimu mwingine naingia nayo Buchosa. Niliiinua kidogo kwa sababu ya mawe, njia zetu mnazijua. Shida ni mtetemo. Ikifika spidi 60 sakafu inawasha miguu. Kwenye kilima na mzigo ndiyo inazidi, ukiachia mafuta inatulia. Na kros (kiungo kinachokunjika) ya propela ya nyuma, ile shafti ya kupeleka nguvu kwenye difu, upande wake wa transfa (gia boksi ya pili), haikai kabisa. Nafunga mpya, grisi napiga, haichukui muda inaanza kulia kama kifaranga kilichopotezana na mama yake. Juzijuzi ilinitia aibu kwenye foleni ya kivuko Busisi, kila mtu ananiangalia mimi.

Nimeambiwa dawa ni kubadilisha propela nzima. Kuna ya lori, bomba lake nene, inakatwa kwa urefu wangu. Nyingine ni ya kuagiza, yenye kros mbili zilizoshikana upande wa transfa. Ipi inadumu? Wenye uzoefu tu. Wa utani pitieni pembeni.

Bajaji Mbili
Utani tumeacha mlangoni. Uza hiyo kitu ununue bajaji mbili uweke vijana, jioni unahesabu pesa. 1HZ ya mwaka huo bado ina wateja wengi.

Bwana Grisi
Umeinua kidogo ni inchi ngapi?

Dereva Mstaafu
Mwanangu, mimi nimeendesha Land Rover 109 ya misheni miaka mingi, Magu hadi Ramadi, wakati ule hiyo lami hatuijui. Hatukuinua kitu. Ukifika kwenye mawe unashuka, unatembea mbele ya gari, unasoma njia, unarudi unapita. Siku moja masika nimekwama na padri na mbuzi watatu wa sherehe, padri akavua viatu akasukuma. Mbuzi walifika salama. Vijana wa sasa hamtaki kushuka kwenye gari, ndiyo maana mnainua.

Nyanda wa Kayenze
Shikamoo mzee wangu. Mimi nashuka sana, ila dagaa zikikaa juani kwenye gunia zinakuwa kitu kingine. @Bwana Grisi ni kidogo tu mkuu, ya kawaida. Nauliza propela.

Bwana Grisi
Kidogo sio kipimo. Ukienda hospitali unamwambia daktari homa ni ya kawaida? Inchi ngapi, na umeinua kwa kutumia nini?

Nyanda wa Kayenze
Haya. Nyuma ni inchi tano. Springi zimeongezwa majani mawili kila upande, halafu vile vyuma vinavyoning'iniza springi kwenye chesisi kule mwisho nikachongesha virefu. Lakini imekaa vizuri jamani, kila anayeiona anauliza bei. Siishushi.

Bwana Grisi
Hayo ndiyo ungeanza nayo. Sikia sasa.

Kros moja ikizunguka kwa pembe haizungushi sawasawa. Ndani ya mzunguko mmoja inakimbia mara mbili na kusita mara mbili. Kros ya upande wa pili ndiyo inayofuta kasoro hiyo, kwa sharti kwamba pembe ya transfa na pembe ya difu zilingane. Toyota waliipanga hivyo kiwandani: transfa inaangalia chini kidogo, difu inaangalia juu kiasi kilekile. Wewe umerefusha vyuma vya mwisho wa nyuma wa springi. Springi imelala kinyumenyume, difu imeinua pua. Pembe hazilingani tena. Hapo funga hata propela ya tingatinga, itatetemeka tu. Bomba nene linazuia kupinda na kukatika. Pembe haliigusi.

Jingine: gari ikipanda, difu inakwenda mbali na transfa. Zile splaini zinazoteleza, yale meno ya propela yanayoingiliana, zinatoka nje, zinabaki zimeshikana kidogo. Angalia hapo kabla hujalala.

Dada wa Pasiansi
Mimi sijui kros wala difu, ila hizi Cruiser za dagaa nazijua. Magunia hadi juu ya bomba za nyuma, halafu juu ya magunia wamama na watoto. Watu wa ziwa hili tumezika sana kwa ajili ya kupakia kupita kiasi. MV Bukoba 1996, MV Nyerere 2018 pale Ukara. Mnangoja nini kingine? Trafiki akikusimamisha unampa "ya soda", unaendelea.

Bajaji Mbili
Dada, mtu kauliza kros umempeleka Ukara.

Dada wa Pasiansi
Na wewe umempeleka kwenye bajaji.

Mkaguzi Huru
Tulieni kwanza. Nimerudi kusoma bandiko la kwanza taratibu. "Juzijuzi kwenye foleni ya kivuko Busisi." Foleni ipi? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, watu wanavuka kwa dakika chache. Nani amekaa foleni ya kivuko pale juzijuzi? Hii ni chai, tena ya maziwa. Ngojeni, kesho atakuja na namba ya kuchangia propela.

Mzawa wa Igombe
Mimi nilishtuka mapema nikanyamaza. Cruiser za dagaa zinazopita hapa kutoka Kayenze nazijua zote kwa honi. Ya inchi tano sijaiona.

Bajaji Mbili
Chai yenye 1HZ 😂 Nilikuwa nimeshaanza kumtafutia mteja.

Bwana Grisi
Chai au sio chai, dalili alizotaja ni za kweli. Mtetemo kuzidi injini ikivuta mzigo na kutulia ukiachia mafuta, hilo halitungwi na mtu ambaye hajakaa kwenye hiyo siti.

Mkaguzi Huru
Anaweza kulisoma popote. Picha. Bila picha mimi nipo hapa na kikombe changu.

Nyanda wa Kayenze
Yaani mtu una shida unaitwa muongo. Juzijuzi yangu ni kabla ya daraja, kwani nilisema tarehe? Na wewe wa Igombe, mimi napita saa tisa usiku, honi nimpigie nani? Picha hiyo, nimelala chini ya gari sasa hivi, shati limeharibika kwa ajili yenu.

[picha]

Mkaguzi Huru
Mh. Gari ipo.

Bwana Grisi
Nimeivuta hiyo picha mpaka ikagoma. Ndugu yangu, katikati ya propela kuna mkanda wa weldingi, na bomba la upande wa difu ni jembamba kuliko la upande wa transfa. Hii imeshakatwa ikaungwa. Halafu angalia zile uma zinazoshika kros kwenye ncha mbili za propela. Ya mbele imesimama, ya nyuma imelala ubapa. Zinatakiwa zikae mstari mmoja. Zikipishana hivyo, ile kros ya pili badala ya kufuta kasoro ya kwanza inaiongeza. Nani kaunga hii?

Nyanda wa Kayenze
Iliungwa, ndiyo. Siku ile ya Busisi ndiyo splaini zilichomoka. Foleni ilisogea, nikapanda mwinuko nimejaa mzigo, nikasikia paa! Ncha ya mbele imeanguka imechimba chini, gari ikanyanyuka nyuma. Bahati ilikuwa mwendo wa mguu. Kijana mmoja akanikatia kipande cha bomba la maji akarefusha hapohapo, akachomelea. Mlitaka nifanyeje na dagaa za watu? Na bomba hilo limenihudumia mpaka leo.

Sasa fundi wa Nyakato ndiye mwenye hiyo propela ya lori, na laki mbili na nusu nimeshampa. Ndiyo maana nauliza kama nene inadumu.

Dada wa Pasiansi
Bomba la maji. Na siku hiyo juu ya magunia alikuwepo nani?

Nyanda wa Kayenze
Watu wawili. Walishashuka kununua mahindi ya kuchoma.

Mkaguzi Huru
Nafuta neno chai. Ila hukuja kuuliza, umekuja kutafuta wa kukugongea muhuri.

Dereva Mstaafu
Kwenye ile 109 tulifunga pete ya chuma kwenye chesisi, propela inapita katikati yake. Ikichomoka mbele inaning'inia kwenye pete, haichimbi. Kipande cha ubapa na bolti nne. Hilo lifanye hata kama mengine yote utakataa.

Bwana Grisi
Mzee kasema jambo la maana kuliko sisi wote. Nyanda, fanya hivi. Simu yako ina programu ya kupimia ulalo. Simamisha gari sehemu tambarare, haina mzigo. Weka simu kwenye flenji ya transfa, kwenye bomba la propela, kisha flenji ya difu. Niletee namba tatu.

Nyanda wa Kayenze
Simu imejaa grisi lakini nimepata. Transfa inaangalia chini 3. Propela imelala 14. Difu inaangalia juu 8.

Bwana Grisi
Safi. Kros ya transfa inafanya kazi kwa digrii 11, ya difu kwa 6. Tofauti ni 5, wakati inatakiwa isizidi moja hivi. Ndiyo maana ya transfa ndiyo inakufa.

Hapo ulipo hujakaa huku wala kule. Ukitaka propela ya kawaida, iwe nene iwe nyembamba, difu irudi kwenye 3. Ukivua vile vyuma virefu ukarudisha vya asili, pua inashuka yenyewe, gari inashuka kiasi na 11 nayo inapungua. Unaweza kuviacha ukaweka kabari za chuma kati ya springi na ekseli, ila hapo kros zote mbili zitapiga 11, na hiyo ni nyingi kwa gari ya mzigo. Ukitaka ya kros mbili, ni kinyume: zile mbili zinagawana 11 ya juu, na difu inatakiwa iangalie moja kwa moja ilikotoka propela. Hapo unaipandisha mpaka 12 au 13. Ukifunga kros mbili bila kugusa difu, umenunua mtetemo wa bei ghali.

Hela ya fundi haijapotea. Mwambie propela ya lori sawa, lakini urefu upimwe gari ikiwa chini kwa matairi yake, uma zipangwe mstari mmoja, na ipelekwe kwenye balansi kabla ya kufungwa. Vyuma virefu uvue.

Nyanda wa Kayenze
Nikivua vyuma nitarudi kugonga mawe ya Igombe.

Mzawa wa Igombe
Mawe yetu yana adabu kuliko weldingi yako.

Nyanda wa Kayenze
Nimempigia fundi. Anasema digrii ni mambo ya shuleni, yeye miaka yote anapanga uma kwa macho.

Bwana Grisi
Basi nenda mwenyewe usimame hapo. Kabla hajakata, uchore mstari mmoja ulionyooka kutoka uma ya mbele mpaka ya nyuma. Akimaliza kuunga, mstari ukipinda, usilipe iliyobaki.

Bajaji Mbili
Bajaji haina propela. Nasema tu.

Nyanda wa Kayenze
Nipo Buswelu nateremka Nyakato. Chaki nitapata wapi saa hizi?

Dereva Mstaafu
Chaki itafutika na grisi. Tumia msumari.