Mrejesho: kitabu cha tafakari za Zaburi kimetoka

Wapendwa, shalom. Niliomba ushauri hapa namna ya kugeuza tafakari zangu za Zaburi, ninazoandika mtandaoni, ziwe kitabu, baada ya mchapishaji mmoja kunitaka nilipe fedha nyingi kwanza. Asanteni sana wote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kuchapisha mwenyewe. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, nimeipata Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na zile tarakimu 13 ziko nyuma ya jalada. Dada uliyenikumbusha hakimiliki ya Biblia, Mungu akubariki: tafsiri ya Union Version ya 1952 niliyonukuu ina wenyewe, hivyo niliwaandikia Chama cha Biblia kabla ya kupeleka kazi kiwandani.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kusoma kila tafakari kwa sauti mbele ya mtu asiyekwenda kanisani. Kwenye Zaburi 42 rafiki yangu alinikatisha: "Hapo ulikuwa unalia au unahubiri?" Nikaandika upya ukurasa mzima. Hata mtandaoni, andiko sasa linalala usiku mmoja kabla sijalipandisha. Naandika mara chache, lakini watu wananijibu kwa aya nzima, wanauliza, wanabishana nami kwa upendo. Zamani ilikuwa "Amina" tu.

Maduka ya vitabu hayajaenda vizuri. Wanachukua kwa mali kauli, yaani wanalipa baada ya kuuza, na malipo yanachelewa mno. Vinavyotoka ni vya mezani baada ya ibada, kwa hiyo atakayepita njia hii achapishe nakala chache kwanza.