Mjadala: John "Yogi" Hughes ni kocha wa maana au Inverness walimbeba?

Beki Namba Tano
Wakuu habari za jioni. Tangu Victor Wanyama, yule kiungo wa Kenya, asaini Dunfermline mwezi wa tatu 2025 kwenda kuungana tena na Neil Lennon, kocha wake wa zamani pale Celtic, mimi nimenogewa na mpira wa Uskoti, hasa hizi timu za huku chini. Katika kupekua historia ya Dunfermline nikakutana na jina la John Hughes, wenyewe wanamwita Yogi. Jamaa ni beki wa kati wa shoka, kaanzia Berwick Rangers, ile timu ambayo mji wake uko England lakini ilikuwa inacheza ligi ya Uskoti, akapita Swansea, akajenga jina Falkirk, akaonja Celtic, akaenda Hibs (Hibernian), Ayr, kisha akarudi Falkirk na 2003 akakabidhiwa timu yeye na Owen Coyle huku wote bado wanacheza. Mwaka huo Falkirk walichukua ubingwa wa daraja la kwanza, yaani lile lililo chini ya ligi kuu, wakanyimwa kupanda kisa uwanja wao wa Brockville haukidhi masharti! Akapambana tena akaipandisha 2005. 2009 kaifikisha fainali ya Kombe la Uskoti, 2015 kalibeba kabisa akiwa na Inverness na msimu huohuo kamaliza wa tatu ligi kuu. Upande wa pili kuna madoa, Hartlepool ilishuka naye 2013, Raith Rovers 2017, Dunfermline 2022. Mimi nasema ni kocha wa maana ambaye alikuwa anaitwa nyumba ikishashika moto. Nyie mnasemaje?

Mchujo
Timu tatu kashusha halafu unasema madoa? Hayo sio madoa, hiyo ndio nguo yenyewe. Inverness alikuta timu ya Terry Butcher imeshapikwa, msimu mmoja kabla walimaliza wa nne, Butcher akaondoka Novemba 2013 kwenda Hibs, Hughes akaingia Desemba akakuta kila kitu mezani. Na hilo kombe la 2015 bila mkono wa Meekings sijui tungekuwa tunaongea nini hapa.

Kijani wa Kisumu
ASANTE. Mchujo umenigusa pale pale. Miaka imepita na mimi bado naiona ile mechi. Nusu fainali Hampden, Celtic tunaongoza moja bila kwa friki ya Van Dijk, Griffiths anapiga kichwa mpira unaenda golini na Josh Meekings anauzuia na mkono, wazi kabisa, na kuna mwamuzi wa nyongeza amesimama kando ya goli anaangalia!! Hakuna penalti hakuna kadi. Kipindi cha pili kipa wetu Craig Gordon anapewa nyekundu na wao wanapewa penalti, tunaenda dakika za nyongeza tukiwa kumi, tunafungwa 3-2. Tulikuwa tunatafuta makombe yote matatu msimu ule. Msinieleze mambo ya ukocha hapa, tuliibiwa.

Binti Tanga
Hapo ndio huwa sielewi, kila siku fainali ile Celtic waliibiwa, fainali ile Celtic waliibiwa. Kocha anahusika vipi na mwamuzi asiyeona?

Mchujo
Dada ile ilikuwa nusu fainali. Fainali Inverness walicheza na Falkirk.

Binti Tanga
Hoja yangu iko palepale, iwe nusu au fainali. Na wewe Kijani nikuulize bila kuficha, hiyo "tunaongoza", "tulikuwa tunatafuta", wewe na Celtic ni wapi na wapi? Umeijua Celtic siku Wanyama alipowapiga Barcelona kichwa 2012. Wanyama kaondoka 2013 kwenda Southampton, hiyo 2015 ulikuwa unashabikia nani pale?

Kijani wa Kisumu
Wee Binti Tanga usinijaribu. Ndio, nimeijua Celtic kupitia Wanyama na sioni aibu. Mtoto wa Kenya anapiga kichwa cha kona nyavu za Barcelona zinatikisika, nchi nzima tumesimama, wewe ulitaka nishabikie nani baada ya pale? Mchezaji anakuleta kwenye timu, anaondoka, wewe unabaki. Ndivyo shabiki anavyozaliwa. Nyinyi huko mnashabikia Liverpool na Arsenal mnafikiri mlizaliwa nao?

Binti Tanga
Mimi nashabikia Coastal Union, timu ya nyumbani kwetu, hao Liverpool uliowataja siwajui. Na ndio maana namwelewa huyu Hughes kuliko wewe. Timu ikiwa haina hela unajua maana ya kumaliza wa tatu? Inverness yenyewe imezaliwa 1994 kwa kuunganisha timu mbili za mji, mfungaji wao mkubwa Billy McKay waliuza Januari katikati ya msimu uleule, na bado wakamaliza wa tatu na kombe. Celtic yako ikiuza mshambuliaji inanunua wawili.

Kijani wa Kisumu
Umekwepa mkono. Nimeongea mkono umeniletea McKay.

Beki Namba Tano
Jamani tusitoke nje ya mada. Kijani, Meekings mwenyewe alishtakiwa baada ya mechi, kesi ikatupwa, akacheza fainali. Yaliisha. Sasa Mchujo nakujibu la Butcher kwa sababu hilo linasemwa sana na watu hawaendi mbali zaidi ya hapo. Siku ya mwisho ya ligi 2009 Inverness ya huyohuyo Butcher ilicheza na Falkirk ya Hughes, Falkirk wakashinda moja bila, goli la Michael Higdon, Inverness wakashuka daraja. Kwa hiyo Hughes ndiye aliyemshusha Butcher. Na Butcher alipokwenda Hibs 2013 na hiyo akili yake ya kupika timu, Mei 2014 Hibs wakashuka kwa matuta dhidi ya Hamilton. Kama chakula kilipikwa na Butcher mbona alipohamia jiko lingine kiliungua?

Mchujo
Aisee umechagua mfano vizuri. Ila na mimi nikukumbushe Hibs ya Hughes mwenyewe. Mei 2010, dhidi ya Motherwell, Hibs wanaongoza sita kwa mbili. SITA KWA MBILI. Mechi ikaisha sita sita, Jutkiewicz kasawazisha dakika za majeruhi. Kocha ni beki wa kati kwa taaluma, maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuzuia, timu yake inaruhusu magoli sita mechi moja ikiwa inaongoza kwa manne. Mimi hapo ndio nilimaliza naye.

Binti Tanga
Kwani beki akiwa kocha lazima apaki basi?

Mchujo
Sijasema apaki basi, nimesema alinde uongozi wa magoli manne, hata mimi na wewe tukisimama pale tunaweza.

Mzee wa Fife
Vijana, mimi naishi huku Fife miaka mingi, East End Park, uwanja wa Dunfermline, ni mwendo wa kutembea kwa miguu kutoka kwangu, uwanja umepakana na makaburi, Jumamosi ya Februari pai ya nyama inapoa mkononi kabla hujaimaliza. Msimu ule wa Hughes nilikuwa naenda. Nitawaambia nilichokiona na msinibishie kwa kusoma mtandaoni. Huyu mtu watu wanasikia beki wa Berwick na Falkirk wanadhani ni wa kupiga mpira mbele tu. Sivyo. Falkirk yake ilisifika kwa pasi, alikuwa na Russell Latapy wa Trinidad, mtu mzima ameenda Kombe la Dunia 2006 akiwa na miaka karibu 38 na bado pale Falkirk ndiye anayeongoza ngoma. Kasper Schmeichel na Tim Krul wote walipita Falkirk kwa mkopo wakiwa vijana, chini yake. Sasa tabu ya Dunfermline ni kwamba alikuja Novemba, kocha aliyemtangulia, Peter Grant, kaiacha timu mkiani, wachezaji hawajiamini, na hao ndio unataka waanze mpira kutoka nyuma kwa pasi fupi. Beki akipokea mpira uwanja mzima unaguna. Ukiguna mara tatu beki wa daraja la pili anaupiga nje tu, utafanyaje. Tukaingia mechi za mchujo wa kubaki daraja, Queen's Park wakatutoa, tukashuka. Niliumia na bado sikumwona kuwa ni kocha mbaya.

Kijani wa Kisumu
Shikamoo mzee. Sasa wewe ndio uniambie ukweli, watu wa huko wanasemaje kuhusu ule mkono?

Mzee wa Fife
Marahaba. Watu wa huku wakiona Celtic wametolewa hawaulizi kwa mkono au kwa mguu.

Kijani wa Kisumu
Mzee hiyo si haki. Yaani kwa sababu timu ni kubwa basi sheria haifanyi kazi? Ndogo akidhulumiwa ni dhuluma, mkubwa akidhulumiwa ni burudani?

Binti Tanga
Kijani, Februari 2021 Ross County iliifunga Celtic moja bila, kichwa cha Jordan White, siku chache baadaye Lennon akajiuzulu Celtic. Kocha wa Ross County alikuwa nani? John Hughes. Hapo mkono ulikuwa wa nani?

Kijani wa Kisumu
Msimu ule tulikuwa tumeshaharibikiwa, kila mtu alikuwa anatufunga.

Beki Namba Tano
Na hapo ndipo ninapotaka mpaelewe. Ross County alichukua Desemba 2020 timu iko mkiani, akaiokoa, ikamaliza ya kumi, haikushuka. Hartlepool pia alikuta mkiani. Raith alifika Februari 2017, ligi imebaki miezi mitatu, na wakafikia mahali makipa wote majeruhi, kiungo Ryan Stevenson akasimama golini mechi ya Ayr! Kiungo kavaa glovu! Wakafungwa moja tu. Kwenye mechi za mchujo wa kubaki daraja wakatolewa na Brechin kwa matuta. Sasa ukihesabu "kashusha timu tatu" bila kusema alizipokea lini na zikiwa wapi, unamhesabia mzigo wa watu wengine. Waliokaa miezi sita kabla yake hakuna anayewataja.

Mchujo
Bro, hiyo hoja inakata pande zote mbili na wewe hutaki kuona. Kama za chini tusimhesabie kwa sababu alizikuta mbovu, basi Inverness naye asihesabiwe kwa sababu aliikuta nzuri. Huwezi kuchukua kombe ukaacha kushuka.

Beki Namba Tano
Nzuri ilivyokuwa Butcher hakuwahi kuipa kombe. Hughes msimu wa kwanza tu kaipeleka fainali ya Kombe la Ligi 2014, ikafungwa na Aberdeen kwa matuta. Msimu wa pili kombe. Fainali na Falkirk, timu aliyoichezea na kuifundisha mwenyewe, Watkins anafunga, Tremarco anapata nyekundu, Grimmer wa Falkirk anasawazisha dakika ya 80, Inverness wako kumi, na bado James Vincent anamalizia dakika ya 86. Timu ya kubahatisha ikisawazishiwa ikiwa pungufu inazama.

Mchujo
Julai wakaenda Ulaya wakatolewa na Astra Giurgiu ya Romania raundi yao ya kwanza tu.

Binti Tanga
Kwa goli moja mechi mbili! Timu iliyokuwa haipo duniani 1993.

Mchujo
Kutolewa ni kutolewa.

Mzee wa Fife
Hughes aliondoka Inverness Mei 2016. Mei 2017 wakashuka. Baadaye wakashuka tena hadi daraja la tatu, 2024 wakaingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi na kukatwa pointi 15. Mchujo, kama timu ilikuwa nzuri yenyewe bila yeye, mbona msimu mmoja tu baada yake?

Mchujo
Mzee heshima yako, ila aliyefuata ni Richie Foran, alikuwa nahodha palepale, hajawahi kufundisha timu ya ligi kuu popote. Ukimpa mtu asiye na uzoefu timu yoyote itashuka. Hilo ni kosa la viongozi, halimpi Hughes sifa.

Binti Tanga
Kwa hiyo Foran akishuka ni viongozi, Hughes akishuka ni Hughes?

Kijani wa Kisumu
Nimeenda kuangalia video tena. Ni mkono. Mkono wa kulia au wa kushoto mtajaza wenyewe lakini ni mkono, na yule mwamuzi wa pembeni ya goli yuko mita chache.