Kinda wa shore chini ya mpera: tumchukue au tumwache?

Swali:
Ndugu zangu, tangu asubuhi kuna kinda wa shore chini ya mpera wetu hapa Tanga. Ana manyoya mwili mzima, mkia mfupi kama kipande cha njiti, na anarukaruka bila kuweza kupaa. Watoto wanataka kumtia kwenye boksi na kumnywesha maziwa. Je, anahitaji kuokolewa?

Jibu la 1:
Kwa maelezo yako, hajapotea. Kinda aliyeota manyoya hutoka kiotani siku kadhaa kabla ya kuruka vizuri, na wazazi huendelea kumlisha chini. Mtazameni kutoka dirishani kwa saa moja au mbili, kwa sababu mkimzunguka wazazi hawatathubutu kutua. Akiwa njiani mwa watu, msogezeni kwenye kichaka kilicho karibu. Maziwa msimpe kabisa, na maji ya kutiliwa mdomoni yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Jibu la 2:
Angekuwa uchi, macho yamefumba, ningeshauri arudishwe kiotani, tena kwa mkono; kwamba mama humkataa akishaguswa na mtu ni imani tu (hata bibi yangu aliishikilia). Ila kama paka amemng'ata, hata damu isipoonekana, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, maana bakteria wa kinywani mwa paka huua ndege upesi.

Aliyeuliza:
Ahsanteni. Paka tumemfungia jikoni, na sasa hivi mzazi mmoja ametua na panzi mdomoni.