Mjadala: Huzuni ikifika wiki mbili, lazima umwone mwanasaikolojia?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Siku hizi ukisema tu hulali vizuri, mmoja anakwambia kamwone mwanasaikolojia, mwingine anakwambia jikaze, ndiyo maisha. Nani amshike sikio mwenzake?

Tuanze na ukubwa wa jambo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 970, yaani mmoja katika kila wanane, walikuwa na tatizo la afya ya akili. Yaliyoongoza ni mawili: matatizo ya wasiwasi, milioni 301, na sonona, milioni 280. Kwa hiyo hatuzungumzii mtu wa kuokota makopo, ingawa picha hiyo ndiyo hutujia haraka. Tunazungumzia watu wanaoenda kazini kila siku.

Kipimo cha sonona kinachonukuliwa sana ni wiki mbili. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM, unataka dalili tano au zaidi kati ya tisa, karibu kila siku kwa wiki mbili, na mojawapo iwe huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda. Nyingine ni usingizi kuharibika, hamu ya kula kubadilika, uchovu, mwili kuwa mzito au kutotulia, akili kushindwa kushika jambo, kujiona hufai, na mawazo ya kifo. Watu hukariri hizo wiki mbili wakaacha sharti linalofuata: dalili ziwe zinamtesa mtu kwelikweli, au zimevuruga kazi yake na uhusiano wake na watu.

Msimamo wangu ni kwamba kuhesabu siku peke yake hakutoshi. Uliza umeacha kufanya nini. Aliyefiwa anaweza kulia kila usiku kwa mwezi mzima, lakini asubuhi anaamka, anaoga, watoto wakifanya vituko anacheka. Huyo anaomboleza, mwacheni aomboleze. Mwingine hajafiwa wala hajaachwa, hadondoshi chozi, ila hapokei simu, kazi inalala mezani, na chakula anakula kwa kuwa kimewekwa mbele yake. Mimi ningemsindikiza huyu wa pili kwanza. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji wa kwanza

Nakupinga nusu, mkuu. Tunageuza maisha kuwa maradhi. Zamani DSM ilikuwa na kipengele cha kumkinga mfiwa asiharakishwe kuitwa mgonjwa wa sonona katika miezi miwili ya mwanzo. Toleo la mwaka 2013 likakiondoa. Mwaka 2022 ukaongezwa ugonjwa wa majonzi ya muda mrefu: kwa mtu mzima, mwaka mmoja tangu msiba. Ukifungua mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, majonzi hayo hayo yanahesabiwa kuanzia miezi sita. Sasa mtu aliyefiwa miezi minane iliyopita ni mgonjwa au si mgonjwa? Inategemea daktari kafungua kitabu gani.

Halafu kuna dhana kwamba kuongea na mtaalamu hakuwezi kumdhuru mtu. Kwa miaka mingi, baada ya ajali na maafa, walionusurika walikalishwa mapema wasimulie kila kitu walichokiona, kwa imani kwamba watayatoa moyoni. Tafiti zilipolinganisha, kikao hicho kimoja hakikuzuia athari za kiwewe, na katika baadhi ya tafiti waliokalishwa waliishia vibaya kuliko walioachwa. Leo Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Watu wengi waliopatwa na mkasa hupoa wenyewe wakiwa na usalama, usingizi na ndugu wa karibu. Kuwahi si lazima kuwe kusaidia.

Mchangiaji wa pili

Ya vitabuni nimeyasikia, kaka. Ila mnajadili kana kwamba mwenye tatizo ndiye atakayejipima. Sonona inamwambia mtu hana ugonjwa, ni mvivu tu na mzigo kwa wenzake. Atajiulizaje "nimeacha kufanya nini" wakati anaamini hana anachoweza? Mara nyingi wanaotangulia kuona ni wa nyumbani. Na wanaume ndio usiseme: huzuni yao hutoka kama hasira, pombe au kazi isiyoisha, tunawaita wakorofi.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni muuguzi, niwarudishe kwenye mwili kidogo. Wengi hawaji wakisema "nina huzuni". Wanakuja na kichwa, tumbo, mgongo, moyo kwenda mbio. Vipimo vinatoka safi, wanaenda kituo kingine kuanza upya. Kinyume chake pia kipo: tezi ya shingo ikizembea au damu ikipungua, mtu huchoka na kupooza kama mwenye sonona. Baadhi ya dawa hufanya hivyo pia. Ndiyo maana sipendi mtu arukie kwa mwanasaikolojia kabla hajapimwa kawaida.

Chukueni shambulio la hofu kuu. Moyo unadunda, pumzi inakata, vidole vinakufa ganzi, mtu ana hakika anakufa. Kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika chache kisha hushuka. Haliui. Lakini maumivu ya kifua ya mara ya kwanza yapeleke hospitali, usijitibu kwa kubahatisha kwamba ni hofu. Kinachofuata ndicho huwafunga watu. Shambulio lilimkuta kwenye basi, anaacha kupanda basi. Likamkuta sokoni, anaacha kwenda sokoni. Kila anapokwepa anapata ahueni, na hiyo ahueni ndiyo inayoilisha hofu. Huyo hahitaji kusubiri wiki wala mwezi. Tiba ya mazungumzo inayomrudisha hatua kwa hatua pale anapopakwepa inafanya kazi vizuri sana.

Na pombe, kwa kuwa imetajwa: inalaza haraka, inaamsha usiku wa manane, na kesho yake wasiwasi umepanda.

Kuna mambo ambayo hayana mjadala. Mtu akisema anataka kujiua au anaona bora asingekuwepo, akisikia sauti wasizozisikia wengine, akikaa siku kadhaa bila kulala huku ana nguvu za ajabu na anatapanya fedha, au mama aliyejifungua karibuni akaanza kuchanganyikiwa au kuogopa atamdhuru mtoto: ni leo, si wiki ijayo. Na msiogope kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Wengi hupumua kwamba hatimaye kuna aliyeuliza.

Mchangiaji wa kwanza

Hayo ya dharura sibishani nayo, dada. Mimi naulizia wale wa katikati, ambao ndio wengi. Hawako hatarini, hawako sawa. Wataalamu ni wachache na wana gharama. Mnawapeleka wapi?

Mleta mada

Hapo ndipo tunapokosea kudhani mlango ni mmoja. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006, akawafundisha bibi wa mitaani, wahudumu wa afya ya jamii, kukaa benchini na mtu na kulichambua tatizo moja moja mpaka lipatikane la kuanza nalo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kuwa baada ya miezi sita, waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili pungufu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hakukuwa na kochi wala ofisi ya vioo.

Kwa hiyo wa katikati waanze karibu: kituo cha afya, mshauri nasaha, hata kiongozi wa dini anayejua wapi uwezo wake unaishia. Kwa sonona nyepesi, miongozo mingi haianzi na vidonge. Vidonge vyenyewe huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na wanaoviacha siku ya tano wakisema havifai ni wengi. Tena mtaalamu mzuri anaweza kukusikiliza mara mbili akakwambia huumwi. Umepoteza nini?

Mchangiaji wa kwanza

Fedha na nusu siku, mkuu! Lakini sawa. Swali la mwisho: na yule anayekataa katakata?

Mchangiaji wa tatu

Usimtajie ugonjwa. Ukimwambia "una sonona" atakubishia hadi usiku. Mwambie ulichokiona: "Wiki ya tatu hii huli na mimi, na nguo ulizovaa ni za Jumapili." Kisha usimwambie aende, mwambie twende, na utaje siku. Akikataa, rudi baada ya siku chache na maneno yale yale, bila kumfokea. Akitamka kifo, ubishi umeisha: usimwache peke yake, ondoa karibu yake chochote anachoweza kujidhuru nacho, mpelekeni hospitali hata kama atawanunia mwaka mzima.