Mimba changa na zamu za usiku wodini: nianzie wapi kuomba mabadiliko?

Muuguzi wa Mifupa

Shikamooni wakubwa, na wenzangu poleni na kazi. Mimi ni muuguzi katika wodi ya majeruhi wa mifupa, hospitali ya wilaya, Tanzania Bara, na nina ujauzito wa wiki tisa. Usiku tunabaki wauguzi wawili, na wagonjwa wetu wengi wamefungwa vyuma au plasta, kwa hiyo kumgeuza mmoja tu ili asipate vidonda vya mgongo ni kazi ya kuinua mtu mzima asiyeweza kujisaidia. Mwaka jana mimba yangu ya kwanza iliharibika katika wiki ya kumi na moja, nikiwa katika usiku wa tatu mfululizo. Sina uhakika kwamba zamu ndizo zilizosababisha, lakini safari hii naogopa. Mbali na mume wangu hakuna anayejua, maana kwetu mimba changa haitangazwi. Je, sheria inanilinda katika wiki hizi za mwanzo, na nitamwelezaje muuguzi mfawidhi bila wodi nzima kupata habari?

Mpanga Zamu

Pole sana, dada. Mimi ndiye ninayepanga ratiba ya zamu katika wodi yangu, na swali lako nimekutana nalo mara nyingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 20, inakataza mjamzito kupangiwa kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua. Wengi huishia hapo wakadhani kwamba kabla ya miezi hiyo hawana kinga yoyote, ilhali kifungu hichohicho kinasema katazo huanza mapema zaidi iwapo mjamzito ataleta cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba hafai tena kufanya kazi ya usiku. Aidha, kifungu cha 33 kinakataza kumpa mjamzito kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto, na kinamtaka mwajiri ampatie kazi nyingine inayofaa pale inapowezekana, kwa masharti yasiyopungua yale aliyokuwa nayo. Mweleze daktari historia yako yote, ikiwemo ya mwaka jana.

Mama wa Wawili

Naomba nitofautiane kidogo, kwa heshima. Nilifanya zamu za usiku katika mimba zangu zote mbili na watoto wangu ni wazima. Kila mjamzito akiondolewa usiku tangu mwanzo, wagonjwa watabaki na nani? Kuna ushahidi gani hasa?

Mkunga Mstaafu

Mwanangu Mama wa Wawili, swali lako ni la haki. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Denmark uliofuatilia zaidi ya wajawazito 22,000, wengi wao wafanyakazi wa hospitali. Baada ya wiki ya nane, waliofanya zamu mbili au zaidi za usiku ndani ya wiki moja walikuwa na hatari ya mimba kuharibika iliyozidi kwa takriban asilimia 32 katika wiki iliyofuata. Hiyo haina maana kwamba theluthi ya mimba hupotea. Ina maana kwamba hatari iliyokuwepo huongezeka kwa kiasi hicho, ndiyo sababu wewe na wengine wengi mlijifungua salama. Inadhaniwa kwamba mwanga wa usiku hupunguza homoni ya melatonini, ambayo husaidia kondo la nyuma kufanya kazi yake. Na wewe mwanangu wa Mifupa, usijihukumu kwa ya mwaka jana: karibu nusu ya mimba zinazoharibika mapema hutokana na kasoro za kromosomu ambazo hakuna zamu inayoweza kuzileta wala kuzizuia.

Kuhusu kuinua, mwongozo uliotokana na taasisi ya Marekani ya usalama kazini huweka kikomo cha takriban kilo 16 kabla ya wiki ya 20, kwa mzigo unaoinuliwa mara chache na ulio karibu na mwili. Mgonjwa mwenye plasta ya paja anavuka hapo kwa mbali. Mgeuzeni kwa shuka, mkiwa wawili au zaidi, na kitanda kipandishwe kwanza ikiwa kinapandishika. Kuhusu siri, mweleze mfawidhi peke yake, ofisini. Ratiba hubadilishwa bila sababu kubandikwa ukutani.

Muuguzi wa Mifupa

Nawashukuru nyote. Leo nimemwona daktari, naye ameniandikia kwamba nipewe «kazi nyepesi». Je, hiyo inatosha?

Mpanga Zamu

Haitoshi, dada. Kazi nyepesi kila mtu huitafsiri anavyotaka, na nimewahi kuona muuguzi mwenye cheti cha namna hiyo akiachwa usiku eti kwa sababu usiku kuna utulivu. Rudi kwake umwombe aandike waziwazi kwamba hufai kufanya kazi ya usiku, ataje na kuinua wagonjwa, kisha aweke tarehe, sahihi na muhuri. Toa nakala kabla ya kumkabidhi mfawidhi, na ubaki na moja nyumbani. Akikataa kuipokea, mpelekee matroni, na ikishindikana waone viongozi wa tawi la chama chenu cha wafanyakazi ukiwa na nakala hiyo mkononi. Ratiba ya wiki ijayo ikiwa haijatoka, nenda kesho asubuhi.