Sheria ya kuotea na beki wa Belfast: ukocha wake ulikuwaje?

Kijana wa Tudor:
Wakuu, hamjambo. Mzee mmoja pale kijiweni Mji wa Kale ametwambia eti sheria ya kuotea ilibadilishwa kwa sababu ya beki mmoja, Bill McCracken wa Newcastle United. Wenzangu wakamcheka. Pana ukweli? Na alipotundika njumu akawa kocha, alifika wapi?

Beki Mstaafu, Likoni:
Mzee wenu hakutia chumvi nyingi. McCracken alizaliwa Belfast 1883, akatoka klabu ya Distillery kwenda Newcastle 1904, akacheza beki wa kulia mpaka 1923. Enzi hizo, pasi ikipigwa, mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na goli, kipa akiwemo, la sivyo ameotea. Mabeki mko wawili tu: mmoja akipanda hatua chache kabla pasi haijapigwa, mtu ameotea, na mwenzake bado yuko nyuma ikiwa refa hakuona. Yeye na Frank Hudspeth waliucheza mtego huo hadi mechi zikawa filimbi tupu. Morley na Montgomery wa Notts County nao waliujua, ila lawama zote zilimwangukia McCracken. Mwaka 1925 watatu wakawa wawili, na mabao ya daraja la kwanza Uingereza yakaruka kutoka 1,192 hadi 1,703 kwa msimu.

Msiujaribu huku kwetu kwenye mechi zenye refa mmoja bila washika vibendera. Wewe umeinua mkono, refa yuko kati ya uwanja anahema, mpira ushaingia wavuni.

Mwana Kisauni:
Ami, umeusahau ukocha.

Beki Mstaafu, Likoni:
Subira, mwanangu, ndio naja. Alichukua Hull City 1923. Msimu wa 1929/30, wakiwa daraja la pili, waliitoa Manchester City kwenye Kombe la FA, na robo fainali wakapangiwa nani? Newcastle! Sare ya 1-1 ugenini, kisha 1-0 nyumbani. Nusu fainali ilichezwa Leeds dhidi ya Arsenal ya kocha Herbert Chapman: Hull wakaongoza 2-0, ikaisha 2-2. Marudio Villa Park wakafungwa 1-0, na Arsenal ndio waliobeba kombe. Msimu huohuo Hull wakashuka daraja. Hebu niambieni, kocha kama huyo mngemfukuza au mngembeba mabegani? Yeye alibaki hadi 1931.

Gateshead na Millwall, alikofundisha baadaye, napita. Aldershot, 1937 hadi 1949, ndiyo inayonichekesha: timu ya daraja la tatu, lakini mji wa jeshi. Vita vilipoanza, nyota wa Uingereza wakajikuta kambini pale, naye akawachezesha Britton, Cullis na Mercer, viungo watatu wa timu ya taifa. Baadaye akawa skauti, msaka vipaji. Alifariki 1979 akiwa na miaka 95.

Mama Gozi, Changamwe:
Mbona hamkutaja ugomvi wake na chama cha soka cha Ireland? Alidai posho sawa na wanayopewa Waingereza, wakamweka nje.

Beki Mstaafu, Likoni:
Kweli, dada. Miaka yake bora karibu yote ikapita bila jezi ya taifa, wakaja kumwita tena baada ya Vita vya Kwanza, umri umeshakwenda. Mimi namuunga mkono. Kazi ni ileile, dakika tisini zilezile.